Sanduku la Maranda

Makambako ya wakati wa Mwingereza haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye upepo, maduka machache ya bati, mahali pa malori kupumzika, na midomo. Midomo hasa! Mtu akishuka kwenye lori anakohoa, kabla hajavuka barabara kikohozi chake kimeshapewa jina na aliyemroga ameshatajwa. Huko ndiko Efraimu, fundi seremala wa Matembwe, alikokwenda kutafuta riziki akiwa na tumbo bovu, na mimi tangu mwaka ule sina hamu na njia panda ile.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Nanji, mwenye duka, alikuwa amejenga duka jipya la matofali, akataka milango, madirisha, rafu na kaunta. Ilikuwa kazi ya kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Fundi wa kijijini hapati kazi kama hiyo kila mwaka, na mahindi ya Efraimu yalikuwa yameungua kwa baridi. Kwa hiyo swali halikuwa aende au asiende. Swali lilikuwa huko aendako atakula nini.

"Umemsikia daktari?" Dorika, mkewe, alimwuliza. Walikuwa wamesimama Njombe wakingoja lori, wametoka hospitali asubuhi ile ile, na kapu la chakula liko katikati yao.

"Nimemsikia. Masikio yangu si ya kuazima."

"Amesemaje?"

"Mama Yoeli, mimi si mtoto wa shule."

"Amesemaje?"

Efraimu akavuta pumzi. "Nisile pilipili. Nisile nyama ya mafuta. Nisinywe pombe yoyote, hata ulanzi. Nile kidogo kidogo, mara nyingi. Viazi, maboga, uji wa ulezi, maziwa, maharage yaliyoiva mpaka yakapondeka. Na nikitapika damu tena, nisimtafute yeye, nimtafute mchungaji."

"Basi sikiliza na langu. Ukifika kwa kaka Nahumu, kabla hujaweka mzigo chini, mwambie wifi Ida. Mwambie, shemeji, tumbo langu linaumwa, nimepewa chakula changu. Usingoje akupakulie ndipo useme."

"Nitamwambia."

"Humwambii! Nakujua. Wewe na haya zako mtakuja kuzikwa shimo moja."

Efraimu alicheka, akapanda lori na kapu lake. Dorika hakucheka. Alisimama pale pale mpaka vumbi likatulia, kisha akaanza safari ya kurudi Matembwe.

Sasa, kwa nini hakusema? Watu wa nje watamwona mjinga. Lakini nyumba ya Nahumu ilikuwa nyumba yenye kidonda chake. Nahumu, kaka yake Dorika, alifuga na kuuza ng'ombe, na mkewe Ida aliuza ulanzi uani, ule utomvu wa mianzi ambao masika watu wa kwetu hunywa kama maji. Mwaka uliopita, siku chache baada ya Pasaka, mchuuzi mwenzake Nahumu aitwaye Hezekia alikula chakula cha jioni pale, akaenda kulala, hakuamka. Mganga wa serikali alisema ni moyo. Lakini nani Makambako anamsikiliza mganga wa serikali wakati jirani yupo? Ikasemwa Nahumu amemlisha mwenzake kitu ili abaki na ng'ombe. Waliosema hawakuwahi kuonyesha ushahidi hata wa kubandika kwenye ukucha, ila walisema, na Nahumu alijua kwamba wanasema.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Efraimu na mkewe walilijua peke yao. Damu ilimtoka mara ya kwanza Pasaka ile ile, njiani akirudi Matembwe, baada ya kula na kunywa kwa Nahumu. Yeye hakumshuku shemeji yake hata kidogo. Tumbo lilikuwa linamchoma miaka mingi, tangu alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge akiishi kwa pombe na ugali mkavu. Lakini atamwambiaje mtu aliyepakwa matope ya sumu kwamba "tumbo langu lilipasuka nilipotoka kwako"?

Basi alipofika, Ida alimpokea kapu kwa furaha.

"Kamwene, shemeji! Umetuletea nini?"

"Vitu vya wifi yako tu. Viazi."

"Viazi? Makambako hakuna viazi? Huyu wifi yangu ana vituko!" Ida akacheka, akaleta ugali na nyama ya mbuzi, mchuzi mwekundu kwa pilipili, mafuta yanaelea juu.

Efraimu alinawa. Akaitazama nyama. Ulimi ukamwambia sema, haya ikamwambia nyamaza.

"Nimeshiba, shemeji," alisema. "Nimekula njiani."

Ndivyo uongo wake wa kwanza ulivyotoka, laini kabisa, kwa adabu.

*

Duka jipya la Nanji halikuwa na jiko, wala Nanji hakutaka moto karibu na mbao.

"Wewe fundi," alisema, kidole juu, "cheche moja, maranda moja, duka yote kwisha. Mimi naona moto hapa, wewe nakwenda nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

Lakini Efraimu alikuwa mtu wa Matembwe, na wapasua mbao wa Matembwe walijua kupika bila moto. Kiangazi, msituni, moto ukikatazwa, hufanya hivi: asubuhi wanachemsha chungu kijijini kwa muda mfupi tu, wanakifunika, wanakiweka ndani ya sanduku lililojaa maranda makavu, wanakishindilia pande zote, juu wanaweka blanketi. Joto halina pa kutokea. Mchana ukifungua, maharage yameiva hata bibi asiye na meno anakula. Efraimu aligonga sanduku lake siku ile ile, akalijaza maranda ya milango ya Nanji.

Iliyobaki ilikuwa mahali pa kuchemshia asubuhi. Akaenda kwa Letisia, mwenye hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara.

"Nina maandazi," Letisia alisema kabla hajaulizwa. "Nina supu ya utumbo. Nina nyama ya kukaanga."

"Mama, naomba moto tu. Nichemshe maharage yangu."

Letisia aliweka mwiko chini taratibu. Wateja wakageuka.

"Hebu rudia. Uje kwangu, uwashe kuni zangu, upike chakula usichonunua kwangu, halafu uondoke nacho?"

"Nitakutengenezea mabenchi yako. Yote yanacheza."

"Yanacheza kwa sababu yanakaliwa na watu wanaokula! Mwanamume mzima anatembea na maharage mfukoni. Mkeo kakuloga nini, usile cha mwanamke mwingine?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Efraimu alisimama na chungu chake mpaka walipochoka kucheka. Mwisho Letisia akakubali, kwa sababu mabenchi kweli yalikuwa yanacheza. Kila asubuhi akawa anachemsha chungu pembeni mwa jiko lake na kusikia mzaha mpya, halafu analivusha sanduku barabara kichwani. Mchana analifungua barazani, mvuke unapanda, anakula taratibu. Kikombe cha maziwa kutoka kwa Wakinga wenye ng'ombe kule bondeni kinamalizia. Na tumbo likatulia, jamani! Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka Efraimu alilala usiku bila kujikunja.

Lakini midomo haikulala.

"Chungu kinachemka na moto hakuna," alisema mmoja.

"Ndani ya lile sanduku kuna dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kujikinga. Hujui analala kwa nani? Yule ni shemeji yake wa kuzaliwa tumbo moja na mkewe, na hali chakula cha nyumba ile. Amejua anachokijua."

Neno hilo liliingia kila nyumba. Mwisho likafika uani kwa Ida, likakaa kwenye viti vya wateja. Wanywaji wake walikuwa wengi. Wakaanza kupita wima, wanasalimia kwa mbali, wanakwenda kunywa kwingine. Ulanzi ukawa unachacha mitungini mpaka Ida anaumwaga.

*

Ida hakuwa mtu mbaya. Alifanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya: alichinja kuku. Jogoo mwenyewe, wa kukaanga, na firigisi juu ya sahani. Firigisi haipewi mtoto wala mwanamke. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa, na asiyejua maana yake basi hakulelewa na watu. Aliiweka mbele ya Efraimu kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Karibu, shemeji. Leo huniambii umekula njiani."

Efraimu alimega ugali, akachovya pembeni, akatafuna. Pilipili ikamshika koo. Ida alipokwenda kuchukua maji, Efraimu aliwaita watoto wa Ida waliokuwa wanachungulia mlangoni, akawagawia. Mmoja akaondoka na firigisi anaitafuna hadharani, na kule nje akakutana na mama yake uso kwa uso.

Ida alirudi bila maji.

"Shemeji," alisema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umempa mtoto firigisi. Ungempa mbwa ningesema hujaiona. Umempa mwanangu mwenyewe, uone kama atakufa?"

"Hapana! Ida, hapana! Mungu wangu!"

"Basi ni nini? Sema!"

Ndiyo ilikuwa saa yake ya kusema. Alifungua mdomo. Akauona uso wa yule mwanamke, uliojaa Hezekia mzima mzima, akaona kwamba neno "tumbo" likitamkwa mle ndani sasa hivi litasikika kama mashtaka.

"Nimezoea chakula changu tu," alisema.

Angemzaba kofi ingekuwa nafuu.

Kesho yake mchana Nahumu alikuja dukani kwa Nanji. Alikuwa mtu mkubwa, ana koti zito la mitumba ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Hakusalimia. Alilitazama sanduku, akaliinua kwa mguu, akalipindua. Maharage yakamwagika sakafuni katikati ya maranda.

"Hicho ndicho chakula kinachoshinda cha mke wangu?"

"Nahumu, shemeji, nisikilize."

"Nimekusikiliza sana. Nimekupa kitanda. Nimekupa blanketi. Wewe umenipa nini? Umekaa hapa barabarani, kila lori linapita, kila mtu anakuona unakula kama mfungwa, na wote wanauliza, analala wapi huyu? Analala kwa Nahumu! Unaniuza, Efraimu. Unaniuza bila kupiga mnada."

"Sikukusudia."

"Hukukusudia! Jumapili baada ya ibada tutakaa na wazee. Nimeshamtumia Dorika salamu aje. Utakula kwangu, utakunywa kwangu, mbele ya macho ya watu wote wa hapa. Ukikataa, dada yangu harudi Matembwe. Siwezi kumwachia dada yangu mtu anayeniita mwuaji."

Nanji alikuwa mlangoni. "Nyie watu, gombana nje! Nani atafagia hii?"

Efraimu alifagia.

*

Dorika alifika Jumamosi kwa lori, na maziwa kwenye kibuyu na maboga kichwani. Alipomwona mumewe alijua kila kitu bila kuambiwa.

"Hukusema."

"Sikupata nafasi."

"Siku zote hizi! Baba Yoeli, jamani, siku zote hizi!" Alikaa kwenye rundo la mbao, akashika kichwa. "Kesho nitasema mimi."

"Watakusikia?"

"Watanisikia wakitaka wasitake."

Jumapili watu walijaa uani kwa Nahumu kuliko walivyojaa kanisani. Waliosusa ulanzi wa Ida walikuwepo wote, mstari wa mbele. Kikao kiliongozwa na Enoki, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti nzuri ya kuombea na moyo wa kupenda kusikilizwa.

"Efraimu," alisema Enoki, "una neno gani na shemeji yako?"

"Sina neno, mzee."

"Mbona huli kwake?"

Efraimu akatazama chini, kisha akainua uso. Safari hii alisema. Mungu shahidi, alisema.

"Tumbo langu linaumwa. Lina vidonda. Daktari wa Njombe amenikataza vyakula vingi."

Watu wakanong'onezana. Ida akainua kichwa, na kwa kitambo kidogo uso wake ukafunguka.

"Pole sana," alisema Enoki. "Umejuaje ni vidonda?"

"Nilitapika damu."

"Lini?"

Dorika alifumba macho.

"Mwaka jana," alisema Efraimu.

"Mwaka jana lini?"

"Pasaka."

"Na Pasaka," Enoki aliuliza taratibu, kama mtu anayevuta kamba akijua kilichofungwa mwisho wake, "ulikuwa umekula wapi?"

Efraimu hakujibu, na kutojibu kukawa ndiyo jibu lenyewe. Nahumu aliruka juu.

"Mmemsikia! Mmemsikia wenyewe! Yeye wa kwanza, Hezekia wa pili! Ndilo alilokuja kuwaambia!"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema nini basi?"

"Tumbo lilikuwa linaumwa kabla ya hapo!" Dorika alisimama, kanga imemdondoka bega. "Tangu mkonge! Muulizeni daktari! Kaka, mimi ni ndugu yako, nakuambia mume wangu akila pilipili atakufa, akinywa ulanzi atakufa. Si chakula chako, ni chakula chochote cha namna hiyo, hata ningepika mimi!"

"Mama, keti," alisema Enoki. "Wanaume wakimaliza tutakuita."

"Mkimaliza atakuwa marehemu!"

"Keti! Hapa si sokoni."

Wanawake wawili walimshika wakamketisha. Enoki akasafisha koo. Akasema mengi, na Biblia akaitaja, na upendo wa ndugu akautaja. Yakichujwa yote ilibaki hivi: mtu hasafishwi jina kwa maneno. Anasafishwa kwa kula. Wale sahani moja, wanywe kata moja, na yaishe.

"Mzee, ulanzi daktari kakataza," alisema Efraimu kwa sauti ndogo.

"Huu ni mtogwa tu, mtamu, umegemwa leo. Hata watoto wanakunywa."

Haukuwa mtogwa. Ulikuwa wa juzi, ule ambao Ida alikosa wa kumwuzia, umechacha mpaka unakwaruza meno. Enoki mwenyewe alikuwa ameuonja.

Ida alileta sahani, nyama nyekundu, firigisi juu. Nahumu alichukua kata ya mwanzi, akaijaza, akainua watu waone, akanywa kwanza yeye, kama desturi ya mwenyeji, kuondoa mashaka. Akanywa nusu nzima. Akajifuta mdomo, akamnyooshea Efraimu iliyobaki. Yule mtu mkubwa alikuwa anaomba, ila hakujua kuomba isipokuwa kwa kukaripia.

"Kunywa."

Efraimu alimtazama mkewe. Dorika alitikisa kichwa mara moja, kwa nguvu. Alimtazama Ida, aliyekuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Akawatazama wale wa mstari wa mbele, shingo zimenyooka. Akikataa, nyumba ile imekwisha, na mkewe hana tena kwao au hana tena kwake. Pengine, alifikiri, tumbo limepona. Limekula vizuri wiki nyingi. Pengine siku moja haliui.

Akanywa. Akala nyama. Akala firigisi.

Vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Nahumu alimkumbatia, akilia machozi ya kweli. Watu wote wakaagiza ulanzi, na siku ile Ida aliuza mpaka mitungi ikakauka. Dorika alikaa pale pale alipoketishwa, maboga yake hayajapikwa.

*

Efraimu alianguka kesho yake asubuhi, randa ikiwa mkononi, juu ya kaunta aliyokuwa anailainisha. Damu ilikuwa nyeusi, nyingi, ikaloa maranda. Dorika alikuwa karibu; hakutaka kuondoka Makambako bila kuona jua la pili.

"Lori!" alipiga kelele. "Bwana Nanji, lori lako!"

Nanji alipauka. Lori lilikuwepo, lakini lilikuwa limepakiwa sukari ya Njombe, na dereva alisimama mbele ya mlango.

"Damu itaingia kwenye magunia," alisema. "Nani atakula sukari hiyo?"

"Shusha magunia!"

"Kushusha ni kazi, mama."

Walibishana. Wanadamu walisimama pale wakibishana juu ya sukari, na mtu anatoka damu! Mwisho Nanji mwenyewe akaanza kushusha magunia, na wengine wakaona aibu, wakamsaidia. Efraimu akalazwa juu ya turubai, kichwa mapajani kwa mkewe, lori likashika njia ya Njombe kwenye utelezi wa masika.

"Mama Yoeli."

"Nyamaza. Usiseme."

"Sasa unaniambia nisiseme." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Waambie haikuwa sumu. Nahumu... watammaliza. Waambie."

"Utawaambia mwenyewe."

"Niahidi."

Dorika hakutaka kuahidi. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kooni, hasira ya kaka yake, ya mzee wa kanisa, ya huyu huyu aliyelala mapajani mwake. Lakini mtu anapokutazama vile unafanyaje?

"Naahidi," alisema.

Walipofika Njombe daktari alitoka nje, akapanda lorini, akamshika shingo, akamfumba macho, akashuka.

*

Walimzika Matembwe kwenye mvua. Kabla udongo haujakauka, Makambako ilikuwa imeshaamua. Walewale waliopiga vigelegele, walewale! Sasa walisema wameona kwa macho yao Nahumu akigeuza kata kabla ya kuitoa. Walisema sumu alitia kwa ukucha. Enoki alisema yeye tangu mwanzo moyo wake ulisita. Uani kwa Ida hakuingia tena hata mlevi.

Dorika alitimiza ahadi yake. Kila aliyekuja matangani alimwambia: ni vidonda, daktari alisema, marehemu mwenyewe alisema. Waliitikia, wakainamisha vichwa, wakatoka nje na kuendelea na yao. Hata hivyo aliendelea kusema, mpaka sauti ikakwama.

Siku ya kuanua matanga Nahumu alikuja. Alikuwa amekonda, koti limemning'inia. Ida hakuja naye. Watu waliokuwa wamekaa kwenye mkeka walisogea kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Alimwendea dada yake, akapiga magoti, wakalia wote wawili, na kwa muda ule Dorika hakukumbuka hasira yake. Alikuwa kaka yake tu.

Chakula kikaletwa. Dorika mwenyewe ndiye aliyempakulia Nahumu, ugali na kuku, na firigisi akaiweka juu. Akaiweka sahani mbele yake kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Karibu, kaka. Umetoka mbali."

Nahumu aliitazama sahani. Akamtazama dada yake, mjane, macho mekundu. Akatazama watu. Jasho lilimtoka kwenye baridi ya Matembwe.

"Nimeshiba," alisema. "Nimekula njiani."

Wengine wakala. Baada ya kitambo Nahumu aligeuka kidogo upande, kama mtu anayetafuta kitambaa cha kujifutia, akatia mkono ndani ya lile koti zito, akatoa kiazi cha kuchemsha. Akakiuma haraka, kichwa chini. Alidhani hakuonekana. Lakini mkeka mzima ulikuwa unamwona, na Dorika alikuwa anamwona.

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akaanza, "Ala! Bwana, huo ni ustaarabu gani, mtu anakuja matangani na..."

"Mwache," alisema Dorika.

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa wiki nzima ya kulia, lakini ua mzima ulisikia. Aliichukua ile sahani ya kuku kutoka mbele ya kaka yake, bila hasira, akaiweka pembeni. Akamsogezea chumvi.

"Kula viazi vyako, kaka," alisema. "Hapa kwa Efraimu mtu aliyekuja na chakula chake haulizwi."

Nahumu alibaki na kiazi mkononi. Hakuweza kukimeza, wala hakuweza kukirudisha mfukoni.